Kabla ya Muhuri: Barua ya Wazi kwa Wanaoidhinisha Majengo ya Mbao Mijini

Kwa Waheshimiwa mnaopanga miji, mnaotoa vibali vya ujenzi na mnaosimamia usalama wa majengo,

YAH: MAJENGO YA MBAO YENYE MAKAZI, KAZI NA MITI MAHALI PAMOJA

Salamu kwenu nyote. Mimi ni seremala wa majengo. Nilianza na kenchi za paa na fremu za milango, na siku hizi naunganisha nguzo na mabamba makubwa ya mbao yanayobeba ghorofa nzima. Nawaandikia kwa sababu mezani kwenu hufika michoro ya namna moja, tena ya kupendeza: mnara wa mbao, chini maduka na zahanati, katikati ofisi, juu nyumba za kuishi, na kila kibaraza kina mti wake. Natamani majengo hayo yajengwe, na yajengwe mengi. Lakini nikisoma masharti ya vibali naona mnakaza pasipostahili na kulegeza panapouma. Tukiendelea hivyo, jengo la kwanza litakalooza au kuungua litatufungia mlango sote, wajenzi na wakazi.

Kwamba mbao zinaweza kubeba ghorofa halina ubishi tena. Mwaka 2009 jengo la Stadthaus jijini London lilifika ghorofa 9, karibu zote zikiwa za mabamba ya mbao. Mwaka 2017 bweni la Brock Commons la Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, lilifika ghorofa 18, na kazi ya kusimamisha mbao zake haikufika siku 70. Mwaka 2019 Norwei ilifungua Mjøstårnet, mita 85.4, ndani yake mna hoteli, ofisi na nyumba za kuishi. Sara Kulturhus ya mji wa Skellefteå, Sweden, iliyofunguliwa mwaka 2021, imeweka ukumbi wa tamthilia, maktaba, makumbusho na hoteli chini ya paa moja. Na Ascent ya Milwaukee, Marekani, ilifika ghorofa 25 mwaka 2022.

Mtu akija kwenu na neno la "mbao tupu", muulizeni vizuri. Mjøstårnet ina sakafu za zege katika ghorofa zake za juu, zimewekwa makusudi ili jengo liwe zito na lisiyumbe kwa upepo. Brock Commons ina minara miwili ya zege yenye ngazi na lifti. Ascent imekalia ghorofa 6 za zege. Hakuna aibu hapo. Fundi mwenye akili huweka kila kitu mahali kinapofaa. Aibu ni kuuza sifa ambazo jengo halina, na waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji waliijua tabia ya soko hili mapema.

Nianze na moto, maana ndio swali lenu la kwanza, na mna haki ya kuuliza.

Bamba la mbao hutengenezwa kwa mbao nyembamba zilizopangwa matabaka, kila tabaka likikingama na lenzake, kisha zikagandishwa kwa gundi na kukandamizwa hadi zikawa kitu kimoja kinene. Kipande kinene cha namna hiyo hakiungui kama kuni za jikoni. Uso wake hugeuka makaa, na makaa hayo huukinga moyo wa mbao usipate joto. Wahandisi hukadiria kwamba moto mkali hula karibu milimita 0.7 kwa dakika, yaani kama milimita 40 kwa saa, kwa hiyo unene wa nguzo unaweza kukokotolewa tangu mwanzo ili hata baada ya saa moja au mbili za moto kibaki kiini cha kubeba mzigo. Chuma kisichofunikwa hakikupi nafasi ya hesabu hiyo. Kikifika nyuzi joto 600 kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na hupinda.

Hata hivyo nisiwafiche upande wa pili. Majaribio ya moto yalionyesha kuwa gundi fulani zikipata joto huachia, tabaka lililoungua linadondoka, na mbao ambayo bado haijaungua iliyokuwa nyuma yake inaupa moto chakula kipya. Ndiyo maana mwaka 2018 kiwango cha mabamba haya huko Amerika Kaskazini kilirekebishwa ili kudai gundi zinazostahimili joto. Basi msiridhike na karatasi inayosema "mbao zimepimwa". Ulizeni ni gundi gani, na imepimwa kwa moto wa muda gani. Mwaka huohuo wa 2018, katika jengo la chuo kikuu lililokuwa linajengwa Oregon, Marekani, sehemu ya bamba la sakafu iliachana matabaka na kuporomoka, na hapo hapakuwa na moto wowote. Kosa lilikuwa la ugandishaji kiwandani. Mabamba mengine yalikaguliwa, na mengi yakabadilishwa. Mkaguzi wenu anayefika eneo la ujenzi siku ya kupaka rangi amechelewa mno. Aende kiwandani.

Kanuni ya kimataifa ya ujenzi inayotumika Marekani, toleo la 2021, ilichukua njia ninayoiona ya busara. Iliruhusu jengo la mbao hadi ghorofa 18, mradi mbao zote zifunikwe kwa bodi za jipsamu au kinga kama hiyo. Hadi ghorofa 12, sehemu ya mbao inaweza kubaki wazi. Hadi 9, mbao zinaweza kuonekana kwa wingi zaidi. Maana yake ni kwamba uzuri wa kuona mbao una bei yake, na bei hiyo inalipwa kwa urefu. Mchoro unaoonyesha mnara mrefu wenye mbao wazi kila upande, dari hadi ukuta, unastahili maswali magumu kuliko yote.

Kuna mahali walipochagua kupiga marufuku kwa jumla. Baada ya mkasa wa moto wa jengo la makazi la Grenfell jijini London mwaka 2017, uliosambazwa na vibandiko vya kuta za nje vyenye plastiki ndani, Uingereza mwaka 2018 ilizuia vitu vinavyoweza kuungua katika kuta za nje za nyumba ndefu zaidi ya mita 18. Kwa vibandiko vile, uamuzi ulikuwa wa lazima. Lakini wavu ulitupwa mpana mno, ukazoa na kuta nene za mbao ambazo hazikuwa na hatia katika mkasa ule. Mkiwa na haraka ya kutuliza wananchi, ambayo naielewa, tofautisheni ngozi ya jengo na mifupa yake.

Halafu kuna kipindi ambacho vibali vingi hukipita kimyakimya, nacho ni kipindi cha ujenzi wenyewe. Mwaka 2014 maabara ya mbao ya Chuo Kikuu cha Nottingham iliteketea ingali inajengwa. Ikabidi ijengwe upya. Jengo lisilokamilika halina bodi za kufunika mbao, halina milango ya kuzuia moto, vinyunyizio vya maji havijaunganishwa, na huku watu wanachomelea vyuma. Sharti la mpango wa moto wa kila hatua ya ujenzi halimgharimu mwekezaji kiasi cha kumkimbiza, na linaokoa zaidi ya vizima moto vingi vitakavyoning'inizwa ukutani siku ya uzinduzi.

Sasa nije kwenye maji, na hapa mnivumilie kidogo, kwa sababu moto unaogopwa na maji yanasahaulika, ilhali sisi mafundi tunajua ni lipi kati ya hayo mawili linaloua nyumba nyingi za mbao.

Mbao iliyokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu inakaribisha kuvu wa kuozesha. Haina haja ya mafuriko. Kiungo cha bomba kinachotoa tone, nyuma ya ukuta usiofunguka, kinatosha. Mchwa nao hupenda palepale penye unyevu na giza. Na tazameni matumizi mchanganyiko yanatuletea nini: jiko la mgahawa chini, bafu za hoteli katikati, mashine za kufulia juu, pengine na bwawa la kuogelea. Kila matumizi yanaongeza mabomba, na kila bomba linatoboa sakafu ya mbao. Juu ya hayo, mchoro umeweka masanduku ya udongo kwenye vibaraza na kuahidi kuyamwagilia kila siku!

Uzito tu wa udongo ni jambo. Meta moja ya ujazo ya udongo uliolowa inakaribia tani 2. Weka hiyo mwisho wa kibaraza kilichochomoza, panda mti, subiri upepo. Bosco Verticale ya Milan, ile minara miwili ya mwaka 2014 inayotajwa kila mara mtu akitaka kuwauzia miti ya ghorofani, ni ya zege, na ilihitaji vibaraza vizito kwa ajili hiyo. Bustani zake hutunzwa na watunza miti wanaoteremka kwa kamba kutoka juu ya paa. Ni kazi nzuri na sina neno nayo. Lakini ni mfano wa zege nyingi iliyotiwa miti, na anayeutumia kuombea kibali cha jengo la mbao amechanganya mambo mawili.

Wazee wa ufundi walijua. Pagoda ya hekalu la Hōryū-ji huko Japani imesimama kwa karibu miaka 1,300. Ile ya Yingxian huko China ilijengwa mwaka 1056, ina mita 67, na bado ipo. Zitazameni mapaa yake: kila ghorofa ina ukingo uliochomoza mbali, mvua inadondoka mbali na ukuta. Miguu ya nguzo imekaa juu ya mawe. Viungo vinafunguka, kipande kilichochoka kinatolewa na kingine kinaingizwa. Kisha linganisheni na mnara wa leo wenye ukuta laini kama kioo, usio na ukingo hata wa shubiri moja, kwa sababu kila sentimita ya kiwanja imepigiwa hesabu ya kodi.

Na hapa kanuni zenu zinahusika moja kwa moja. Katika baadhi ya miji ukingo wa paa au kivuli kinachochomoza huhesabiwa kama eneo lililojengwa, au hukatazwa kuvuka mstari wa kiwanja. Mwekezaji akiona kwamba kila mita ya ukingo inampunguzia mita ya kupangisha, anaukata. Ondoeni vikingo vya mvua kwenye hesabu ya eneo la jengo la mbao, na wasanifu watavirudisha wenyewe. Waheshimiwa, sharti hilo ni la mstari mmoja. Lingefanya kazi kuliko kurasa za miongozo ya uendelevu.

Yapo mengine ya aina hiyo: mabomba yapite katika mashimo yanayofunguka, bafu zipangwe moja juu ya nyingine, vipima unyevu viwekwe chini ya kila bafu na chini ya kila bustani, na taarifa zake ziwafikie nyinyi pia, siyo mmiliki peke yake. Msiache mtu auze nyumba za jengo la mbao bila kuacha fungu la matengenezo. Wanunuzi wa kwanza hupata harufu ya mbao mpya, na wanaokuja baada ya miaka 30 hupata bili.

Lakini miti je, tuiache? Hapana. Tuiteremshe chini.

Uhusiano wa mtu na majani ni jambo lenye ushahidi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kuwa wagonjwa wa upasuaji waliolazwa vyumba vyenye dirisha la kutazama miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk amependekeza kipimo chepesi kukumbuka: kutoka kila nyumba mtu aone angalau miti 3, asilimia 30 ya mtaa ifunikwe na kivuli cha miti, na bustani ya umma isiwe mbali zaidi ya mita 300. Nakipenda kipimo hicho kwa sababu hakiwezi kudanganywa kwa vyungu. Mti wa kumpa kivuli mpita njia na kunywa maji ya mvua unahitaji udongo wenye kina, unaoungana na ardhi. Ukipata hivyo, hauhitaji mtu wa kamba wala bomba la kuumwagilia milele.

Kwa nini basi miti inapanda ghorofani? Kwa sababu chini hakuna udongo. Na udongo haupo kwa sababu mmelazimisha maegesho.

Hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Kanuni nyingi za miji hudai idadi fulani ya nafasi za magari kwa kila nyumba na kila mita ya duka. Mwekezaji hana pa kuziweka, anachimba, na kiwanja kizima kinakuwa paa la karakana ya zege. Juu yake anaweza kuweka udongo wa kina cha kiganja: nyasi zitamea, mti hauwezi. Au hachimbi, anazipandisha juu, kama Ascent ambayo zile ghorofa zake 6 za zege zinabeba maegesho pamoja na mengine. Kwa vyovyote vile tumemwaga tena zege tuliyotaka kuiokoa kwa kujenga na mbao. Saruji peke yake inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kuiongeza chini ya ardhi kisha kujisifu kwa kuipunguza juu yake ni kujidanganya hadharani. Sharti moja la maegesho linaua mti, linaongeza zege, na linaondoa sababu yenyewe ya kuweka duka, zahanati na ofisi ndani ya jengo wanamoishi watu, maana jengo la matumizi mchanganyiko lilikusudiwa kumpunguzia mtu safari.

Kufuta sharti hilo kunawezekana. Buffalo, Marekani, iliondoa kiwango cha chini cha maegesho mwaka 2017, na San Jose ikafuata mwaka 2022. Magari hayakupigwa marufuku. Anayetaka kuyajengea nafasi anaruhusiwa. Aliyeachiliwa ni yule asiyetaka. Nawaomba mfike hapo, kisha muongeze dai moja lenu: sehemu ya kiwanja ibaki udongo mtupu usio na kitu chini yake, na miti iliyopo isikatwe kisha ikafidiwa kwa michoro ya miti.

Kuhusu kuchanganya matumizi yenyewe, sina mengi. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, ilihalalisha kutenganisha makazi na biashara kwenye ramani, na desturi hiyo imeenea kuliko ilivyostahili. Kiwanda cha sumu kitengwe, ndiyo. Fundi viatu na kliniki ya watoto vina kosa gani? Tahadhari yangu ni ya kelele. Mbao ni nyepesi, na nyayo za mtu wa juu husikika kama mdundo mzito kwa wa chini kuliko kwenye zege. Mgahawa unaofunga usiku wa manane chini ya chumba cha mtoto utaleta kesi kwenu kila wiki. Daini sakafu zenye tabaka zito la juu na dari inayoning'inia bila kugusana nayo, na daini vipimo vya sauti baada ya jengo kukamilika, kwa masikio ya mtu asiyelipwa na mkandarasi. Daini pia ghorofa ya chini yenye dari ndefu na nguzo zilizoachana vya kutosha, ili duka likifa pageuke darasa bila kubomoa kitu.

Mwisho, mbao zenyewe. Meta moja ya ujazo ya mbao imeshikilia kaboni sawa na takriban tani 1 ya hewa ya ukaa, na nimechoka kuiona tarakimu hiyo kwenye mabango. Ni kweli kwa masharti: msitu uliovunwa ukue tena, na mbao zikae ndani ya jengo muda mrefu kuliko mti ulivyochukua kukua. Mbao iliyotoka kwenye msitu wa asili uliofyekwa ni hasara hata ikijengwa maktaba. Kwa hiyo hati ya asili ya mbao iwe sehemu ya kibali, kuanzia shamba la miti hadi kiwandani, na iambatane na maelezo ya jinsi jengo litakavyofunguliwa siku likichoka. Viungo vya bolti na skrubu vinafunguka. Bamba likatolewa zima na kutumika kwingine. Viungo vilivyogandishwa na kumwagiwa zege vinaishia jalalani au tanuruni, na kaboni yote inarudi hewani.

Najua ofisi zenu hazina wahandisi wa mbao wa kutosha, na kwamba mkaguzi aliyesomea zege analazimika kusaini kitu asichokijua. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Wapelekeni wakaguzi viwandani na kwenye majengo yaliyokaa miaka kumi, yenye madoa na viraka, waone. Waiteni wazimamoto mchoro ukiwa bado wa penseli. Na katika kila kikao cha kuidhinisha jengo la namna hii, naomba kiti kimoja apewe mtu atakayelitunza: yule wa kuzibua mifereji, kubadilisha vipima unyevu na kukata matawi. Mpeni mchoro, mwambieni aonyeshe atapita wapi kufika kila bomba na kila mti. Akishindwa kuonyesha, muhuri usubiri.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi,
Seremala wa majengo